Mgonjwa wa kansa akilazwa: mwongozo kamili wa kumkinga na bakteria wa hospitali

Shangazi yangu alikuwa anatetemeka kila jioni mida ya saa moja, nusu saa hivi baada ya nesi kumuflashi mpira wake wa dripu, na sisi siku mbili nzima tukawa tunagombana na kiyoyozi. Tukaongeza blanketi, tukasogeza kitanda, asubuhi joto likipimwa liko sawa, kila mtu anaendelea na yake. Siku ya tatu binamu yangu, ambaye hata sio mtu wa afya, akauliza tu mbona anatetemeka saa zilezile? Ndo dokta akaitwa, na ikaja kujulikana kwamba mpira wenyewe ndo ulikuwa na bakteria, kila ukisukumiwa maji ya chumvi wale wadudu wanamiminwa moja kwa moja kwenye damu.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa wewe unayeuguza. Manesi wanabadilishana zamu, dokta anapita raundi dakika tano, we ndo unayemwona mgonjwa saa zote, na ukijua cha kuangalia afu ukakisema kwa saa na kwa namba, unasikilizwa. Ukisema "hajisikii vizuri" utaambiwa asubiri.

Kabla ya hatua, jua wanakotoka

Maambukizi ya hospitali kwa kawaida ni yale yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, manake hakuja nayo. Watu wengi wanafikiri yanaruka hewani kutoka kitanda cha jirani. Mengine ndio, ila bakteria wengi wanafika kwa mikono ya watu, kwa mipira na sindano zilizochomekwa mwilini, na kundi la tatu ambalo watu hawalijui kabisa: tumbo na ngozi yake mwenyewe. Kemo inachubua utando wa mdomo na utumbo, E. coli na Klebsiella waliokuwa wanaishi humo miaka yote bila shida wanapata upenyo wa kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hata umfungie chumba cha peke yake bado unakuwa hujamaliza kazi.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma hesabu ya kinga

Kuna seli nyeupe zinaitwa neutrofili, hizo ndo askari wa zamu dhidi ya bakteria. Kemo inapiga seli zinazogawanyika haraka, kansa inapigwa, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu unapigwa humohumo. Kwa kemo nyingi hesabu inafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu apewe dawa, afu inaanza kupanda. Mwenye kansa ya damu kama lukemia anaweza kukaa chini wiki kadhaa, ndo maana hao wanapata maambukizi zaidi kuliko mwenye uvimbe wa sehemu moja.

Kwenye majibu ya picha kamili ya damu tafuta ANC, yaani hesabu ya hizo neutrofili. Kama hawajaiandika piga mwenyewe, sio hesabu ngumu: chukua jumla ya seli nyeupe zidisha kwa asilimia ya neutrofili. Mfano seli nyeupe ni 1,200 kwa maikrolita na neutrofili ni asilimia 30, basi ana 360. Maabara nyingi zinaandika kwa maelfu, kwa hiyo utaona 1.2 na jibu lako litakuwa 0.36, ni kitu kilekile, usichanganyikiwe. Zaidi ya 1,500 yuko vizuri. Chini ya 1,000 kuwa macho. Chini ya 500 ni hatari, homa yoyote hapo ni dharura. Chini ya 100 usisinzie.

Andika kwenye daftari tarehe ya kemo, afu zungushia duara siku ya 7 hadi 14. Muulize dokta kama mgonjwa wako anafaa kupewa sindano za kuinua neutrofili, filgrastim ni mojawapo, sio kila mtu anahitaji ila kuuliza ni haki yako.

Hatua ya 2: Kabla hajapanda kitandani

Uliza kama hiyo dawa lazima alale hospitali au anaweza kupewa mchana akarudi nyumbani, manake kila siku wodini ni siku nyingine ya kukutana na bakteria sugu. Kama lazima alale, beba themomita yake mwenyewe, mswaki laini mpya, sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, daftari na kalamu. Waambie mapema kama ana mzio wa penisilini na eleza ilimfanyaje, vipele kidogo na kushindwa kupumua ni vitu viwili tofauti. Waambie pia kama aliwahi kulazwa miezi ya karibuni au kupatikana na bakteria sugu, hiyo inabadilisha dawa watakayoanza nayo siku ya homa. Watu wanaificha hii wakidhani watatengwa.

Hatua ya 3: Mikono

Mwaka 1847 kule Vienna daktari anaitwa Semmelweis aliwalazimisha madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika akina mama wanaojifungua wodini na vifo vikashuka sana, wenzake wakamwona msumbufu. Hadi leo anayekumbusha watu kunawa anaonekana msumbufu, we kubali tu kuwa msumbufu.

Sanitaiza ipakwe sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, usifutie kwenye nguo. Kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, na sehemu zinazosahaulika ni dole gumba, ncha za vidole na chini ya pete. Nani ananawa? Kila anayemgusa, kabla na baada, na kila aliyegusa kitanda chake, kimeza chake au nguzo ya dripu hata kama mgonjwa mwenyewe hakumgusa. Glavu sio mbadala. Nimeona mtu kavaa glavu kamwaga mkojo wa kitanda cha kwanza kaja na glavu hizohizo kushika dripu ya kitanda cha pili, yeye kakingwa, wagonjwa wawili hawajakingwa.

Kumwambia mhudumu anawe kunatia aibu najua. Mimi nilikuwa nasema hivi, "Sista samahani, kinga ya shangazi imeshuka leo wamesema 360, naomba unisaidie kupaka hii kabla hujamshika," huku namnyooshea chupa. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Ukianza na "mbona hujanawa" umeshaanzisha vita.

Na simu. Simu yako umeishika chooni, kwenye lifti, kaunta ya malipo, afu unampa mgonjwa aongee na watoto. Ifute kwanza.

Hatua ya 4: Mipira na sindano, hapa ndo kaa macho zaidi

Kila kitu kinachopita ngozi kuingia ndani ni njia. Bakteria wa ngozi kama Staphylococcus wakifika kwenye plastiki wanajijengea utando wa utelezi na kujificha humo, dawa inapita juu yao bila kuwafikia vizuri, ndo maana wakati mwingine antibayotiki inapigwa siku kadhaa na homa inarudi mpaka mpira wenyewe utolewe.

Kwa mpira mkubwa wa kwenye mshipa wa kifuani, shingoni au mkononi, angalia haya kila siku. Plasta ya juu imeshika pande zote? Ile ya plastiki angavu hukaa mpaka siku 7, ya pamba mpaka siku 2, ila ikilowa, ikichafuka au ikianza kubanduka kona ibadilishwe siku hiyohiyo hata kama tarehe haijafika. Tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu, kama hawajaandika omba waandike. Kila mara kabla ya kuchomeka sindano kwenye kifuniko, kifuniko kinasuguliwa kwa spiriti, kusuguliwa kwelikweli sekunde kama 15 afu kiachwe kikauke, sio kupitishiwa pamba kama anafuta vumbi. Ni kitu kidogo sana na ndicho kinachorukwa wodi ikijaa.

Sasa kosa letu. Mtu akitetemeka ndani ya dakika chache mpaka saa moja baada ya mpira kuflashiwa au dripu kufunguliwa, usitafute blanketi kwanza, mwite nesi, sema "ametetemeka dakika 30 baada ya kuflashi, jana pia hivyohivyo." Hiyo sentensi ina thamani kuliko malalamiko ya ukurasa mzima. Na usitegemee kuona usaha pale mpira unapoingilia, usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa, kama hana neutrofili usaha utatoka wapi? Wekundu kidogo, maumivu akigusa au joto la ngozi vinatosha kuita mtu.

Kanula ndogo ya mkononi, angalia mshipa usiwe mgumu au mwekundu, ikiuma itolewe. Mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu na usiguse sakafu, na usiupandishe kitandani mkimhamisha, mkojo unarudi ndani. Kila asubuhi raundi ikifika uliza swali moja kwa kila mpira alionao: "Dokta, huu bado unahitajika leo?" Mipira mingi inakaa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 5: Mdomo, ngozi na huko nyuma

Mswaki laini mara mbili kwa siku, kusukutua kwa maji ya chumvi kidogo au baking soda mara kadhaa hasa baada ya kula, asukutue ateme asimeze. Usinunue maji ya kusukutua yenye alkoholi, yanachoma vidonda na kukausha. Vidonda vya mdomoni vikianza ripoti siku hiyo, kwanza vinauma, pili ni mlango.

Aoge kila siku, ajifute kwa kupapasa bila kusugua, mikunjo ya ngozi iwe mikavu. Baada ya haja mwanamke ajifute kutoka mbele kwenda nyuma. Asikazane chooni, choo kigumu kinachana ngozi, omba dawa ya kulainisha mapema. Na kinga ikiwa chini hakuna kupima joto njia ya haja kubwa, hakuna enema, hakuna dawa za kuingiza huko mpaka dokta wake mwenyewe aseme. Wengine wanaona aibu kusema wanaumwa huko nyuma, we muulize kwa upole mkiwa wawili, jipu la huko kwa mtu asiye na kinga linakuwa baya haraka.

Hatua ya 6: Kitanda, sinki na wageni

Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas, huyo anapenda maji: sinki, matundu ya kutolea maji, vyombo vilivyobaki na unyevu, vesi ya maua. Ndo maana maua yanakatazwa, sio roho mbaya. Vitu vya mgonjwa visikae pembeni ya sinki pale maji yanaporukia, na usimwage mabaki ya chakula humo. Vinavyoguswa sana, reli za kitanda, kitufe cha kuitia, kimeza, futa kila siku kwa dawa wanayoruhusu wodini.

Wageni: mwenye mafua, kikohozi, kuharisha au jipu asije, apige simu. Wawili kwa wakati wanatosha. Mtu akija na kundi zima la ndugu simama mlangoni uwashukuru hapohapo.

Chakula sitaongea sana. Zile orodha kali za zamani za kukataza kila kitu kibichi tafiti hazijaonyesha kwamba zinapunguza maambukizi, kilicho muhimu ni usafi, nyama na mayai yaive kabisa, matunda yaoshwe vizuri, maji yawe salama, chakula kisikae saa nyingi nje. Ila wodi yenu ikiwa na masharti yake fuata.

Mapafu pia kwa haraka: asilale chali kutwa, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 hasa akila, aketi, atembee hata hatua kumi kama anaweza, avute pumzi ndefu. Mdomo msafi nao unapunguza nimonia.

Hatua ya 7: Joto likipanda, saa inaanza kuhesabu

Hii usome mara mbili. Joto la mdomoni 38.3 hata mara moja tu, au 38.0 inayodumu saa nzima, kwa mtu mwenye neutrofili chini ya 500 au anayeelekea huko, ni dharura. Hospitali yenu ikiwapa kiwango cha chini zaidi fuateni hicho. Pima mara moja zaidi ya anavyopima nesi, hasa jioni, na asiwe ametoka kunywa kitu cha moto au cha baridi dakika 15 zilizopita.

Usimpe parasetamo kabla joto halijapimwa na kuandikwa. Dawa inashusha namba, bakteria wapo palepale, dokta akija anaona 37.2 anaondoka. Steroidi kama dexamethasone nazo zinaficha homa, kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye hizo, au mzee, anaweza kuwa na damu imejaa bakteria na joto liko kawaida kabisa. Kwa hao angalia mengine: kutetemeka, kupumua haraka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mkojo kupungua, ngozi baridi yenye jasho. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kuita.

Unaitaje? Kwa mpangilio huu, na ikibidi soma kwenye daftari: "Huyu ni mgonjwa wa kansa, kemo ilikuwa siku 10 zilizopita, ANC ya juzi 360, joto 38.4 saa nne na dakika kumi usiku, ana mpira kifuani, anatetemeka." Afu andika saa uliyoita.

Kinachotakiwa kutokea: antibayotiki ya mshipani iwe imeanza ndani ya dakika 60. Kabla yake wachukue damu ya kuotesha, yaani ya kuwekwa kwenye chupa maabara waone bakteria gani anaota, kwa kawaida seti mbili, kwenye mpira na nyingine kwenye mshipa wa mkono. Sababu ni nzuri, chupa ya kutoka mpirani ikiotesha bakteria saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkononi, wanajua chanzo ni mpira, na kwa shangazi ndo ilivyogundulika. Ila kama damu inachelewa kuchukuliwa kwa sababu mtu wa maabara hayupo, dawa isisubiri mpaka asubuhi. Dawa ya kuanzia huwa ni pana na inayompiga Pseudomonas, mfano piperacillin-tazobactam, cefepime au meropenem, wanachagua kwa kuangalia bakteria wa hospitali yao na historia yake. Ile uliyosema siku ya kwanza, si unakumbuka?

Dakika 30 zikipita kimya, inuka uende kaunta. Zikipita 45 omba aitwe daktari wa zamu kwa cheo. Hapa ukali kidogo unaruhusiwa.

Majibu ya kuotesha yanaanza kuja baada ya siku moja au mbili, ikifika saa 48 hadi 72 uliza mambo mawili: kimeota nini, na dawa anayopewa inakiua? Wakikuambia wanabadilisha au wanapunguza dawa usiogope, kutoka dawa pana kwenda inayolenga ndo matibabu mazuri. Na kuna wengi ambao hakuna kinachoota kabisa, haina maana homa ilikuwa ya uongo.

Hatua ya 8: Akianza kuharisha

Mara tatu au zaidi choo cha maji ndani ya siku moja, hasa akiwa kwenye antibayotiki au ametoka kuzitumia, waambie wapime Clostridioides difficile. Usimpe dawa ya kufunga tumbo kabla majibu hayajatoka. Na hapa sanitaiza haisaidii, mbegu za huyu bakteria haziuliwi na alkoholi, ni sabuni na maji yanayotiririka, na choo kisafishwe kwa dawa ya klorini. Asitumie choo kimoja na wengine kama inawezekana.

Hatua ya 9: Wakisema ni bakteria sugu

Utasikia majina ya bakteria sugu kama MRSA, ESBL, VRE, au bakteria asiyesikia dawa za kundi la meropenem. Mgonjwa anaweza kuwekwa chumba cha peke yake, watu wanaingia na gauni na glavu, na yeye akadhani anakufa au ametengwa kama mwenye laana. Mwelezee kabla halijatokea: gauni ni la kumkinga mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Na kuwa na bakteria mwilini sio lazima uwe umeugua, wengine wamembeba tu kwenye ngozi au utumbo na hawahitaji dawa. Uliza, "amembeba au amemuugua?" Usimtafutie antibayotiki za duka la dawa kwa siri, utaharibu majibu ya kuotesha na kufuga usugu.

Hatua ya 10: Kutoka hospitali

Anaruhusiwa, mnafurahi, ila kama bado yuko kati ya ile siku ya 7 na ya 14, hatari mnaibeba. Kabla hamjaondoka hakikisha mpira wa mkojo na kanula zimetolewa, wakati mwingine kanula inasahaulika mkononi kabisa. Kama anaondoka na mpira mkubwa, mtu mmoja nyumbani afundishwe kuuangalia na arudie kwa vitendo mbele ya nesi. Mjue namba ya kupiga usiku na sio ya mchana tu.

Afu tengeneza kikaratasi cha kukaa pochini: jina lake, aina ya kansa, dawa ya kemo na tarehe, ana mpira au hana, mzio, bakteria sugu aliyewahi kupatikana, namba ya daktari. Juu kabisa kwa herufi kubwa andika NIKO KWENYE KEMO, NIKIWA NA HOMA NAHITAJI ANTIBAYOTIKI NDANI YA SAA MOJA. Shangazi alicheka alipoiona, akasema inafanana na tangazo la mbwa mkali. Wiki tatu baadaye homa ikampata usiku, mapokezi foleni ndefu, binamu akakitoa kikaratasi akakilaza juu ya kaunta bila kusema neno, na wakampitisha mbele.